Choo cha Sokoni na Ushuru wa Akina Mama

Mwaka huu nilialikwa kwenye uzinduzi wa soko jipya karibu na Rangwe. Mkubwa mmoja alishika kipaza sauti akasema, "Hili tumewajengea akina mama." Watu wakashangilia. Mimi sikupiga makofi. Usinione mkaidi, rafiki yangu. Nilikulia soko lingine, dogo, upande wa Rodi Kopany, na huko nilijifunza kulitilia shaka neno hilo "tumewajengea".

Ilikuwa miaka ya tisini. Likizo zangu zote nilikaa kwa nyanya, ambaye kwetu tunamwita dani. Siku ya soko tulikunywa uji wa mtama uliochachuka vizuri, tukajitwika omena, yaani dagaa, iliyotoka Homa Bay. Harufu yake iliganda kwenye nywele zangu mpaka Jumapili kanisani. Malori yalileta mahindi kutoka Migori, ng'ombe wakalia mnadani, redio za maduka zikashindana. Dani alitandaza gunia lake juu ya udongo mweusi unaonata, juani, akapima omena kwa gorogoro, mkebe wa kupimia, huku akiwatania wateja.

Langoni alisimama mtoza ushuru wa kanjo, yaani halmashauri, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Kila mama mwenye beseni alilipa kabla hajauza chochote. Mvua ikinyesha, tulirudi na samaki walioloa, na ushuru umeshakwenda. Ulikwenda wapi? Sisi tuliona mnada wa ng'ombe, ambao ulikuwa wa wanaume, ukijengewa ukuta na kuvutiwa maji ya bomba. Tuliona ofisi ya kanjo ikipakwa rangi. Akina mama walibaki na jua lao. "Mkono unaopokea upesi," dani alizoea kusema, "utazame vizuri unapotoa."

Basi choo cha saruji kilipojengwa nyuma ya ofisi, wanawake walipiga vigelegele. Dani peke yake aliuliza kufuli lililotundikwa mlangoni ni la nini. Mlango ulibaki umefungwa. Wanaume waliendelea kujisaidia nyuma ya ukuta wa mnada, na akina mama wakaendelea kuvuka barabara kwenda kwenye mkonge, wawili wawili, mmoja akimkinga mwenzake kwa leso. Wajawazito hawakunywa maji tangu asubuhi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile nilipoinuka kwenye gunia, na jirani yetu muuza vyungu akanivuta haraka, akanifunga leso yake kiunoni. Damu ilikuwa imepenya gauni langu. Nilidhani ninakufa. Dani alinishika mkono, akanipeleka moja kwa moja kwa karani wa soko.

"Wuoda," alimwambia, yaani mwanangu, "nipe ufunguo wa choo. Mtoto ameupata ukubwa hapa hapa sokoni."

Karani hakuinua macho. "Mama, hicho ni cha maofisa. Mkonge uko pale."

"Na nani alilipa kukijenga?"

"Serikali."

"Serikali huuza omena siku gani?"

Karani alicheka. Nilisafishwa kwenye mkonge, wanawake watatu wakinizingira kwa leso, huku wachunga ng'ombe wakipita barabarani na kuchungulia. Nililia njia nzima. Nilimwambia dani sitarudi sokoni maisha yangu yote. Jioni zile dani alitembea na muuza vyungu, nyumba hadi nyumba.

Siku ya soko iliyofuata, wanawake hawakuingia langoni. Waliketi ng'ambo ya barabara na bidhaa zao.

"Ingieni, mama zangu," mtoza ushuru alibembeleza. "Soko liko ndani."

"Soko ni sisi," dani alimjibu. "Huko ndani ni uwanja tu."

Wanunuzi walivuka wakatufuata. Mchana karani alikuja, jasho likimtoka, akatoa ufunguo mfukoni. Tulipofungua, tulikuta mifuko ya saruji na viti vibovu vya ofisi: choo chetu kilikuwa stoo. Wanawake walivitoa wenyewe, wakasugua sakafu kwa majivu, wakaniingiza mimi kwanza. Nilijifungia kwa ndani. Nilikaa humo, nikimsikia dani akiwaambia wenzake, "Mwacheni. Asiharakishwe."

Mwezi haukuisha kabla karani hajaongeza ushuru mwingine: wa choo. "Tulilipa kijengwe," dani alisema akimkazia macho, "sasa tunalipa kuingia." Alilipa. Tangu siku hiyo hakumwita tena mwanangu.

Soko lile lilihamishwa zamani. Mkonge ulikatwa, ploti zikauzwa, na wengi wa wanawake wale wamelala makaburini kwenye maboma yao bila jina popote. Naambiwa mambo yamebadilika, kwamba siku hizi bajeti humtaja mwanamke. Huenda. Ninachokikosa ni ule mstari wao ng'ambo ya barabara, wameketi kimya juu ya magunia, wakingoja waulizwe wanataka nini. Siku hizi kila mama hulipa ushuru peke yake, kwa simu, akaingia.