Ukoko wa Bibi Adventina

“Toka Mlandizi mpaka Kisarawe hakuna mwanamke anayesonga ugali kama mimi,” anasema Adventina, mwiko mkononi. Ananusa sufuria. “Ila huu umeungua.”

Ni karibu adhuhuri, katika jiko la kituo cha watoto cha kanisa, Mlandizi. Unga ni ule wa njano, wa msaada. Mwaka huu wa 1984 mweupe watu wanauona ndotoni. Mpishi huyu, mjane wa miaka sitini na mbili aliyekuja na mumewe kutoka Bukoba, hatazami sufuria. Anatazama njia.

Anamsubiri Swaumu.

Mtoto huyo wa miaka tisa hajaonekana tangu Jumatatu. Gauni lake la pekee limeshonwa kwa mfuko wa unga, na maandishi ya uzito yamebaki mgongoni. Wenzake wakampa jina: Kilo Hamsini.

“Bibi yake alihofu kanisa litambatiza,” anasema Adventina. “Kumbe waliombatiza ni watoto wenzake.”

Jana alikwenda kwao. Alimkuta bibi huyo, Bi Kidawa, anafunga furushi. Mjomba anakuja leo kumchukua mtoto, akachome naye mkaa Kisarawe.

“Mimi simfukuzi, shoga yangu,” alisema Bi Kidawa. “Mwenyewe kataka. Anasema kwenye mkaa wote weusi, hakuna wa kumcheka.”

Adventina alimvuta mtoto uani, akamnong’oneza jambo. Jambo gani? “Siri ya jikoni,” anajibu.

Hapa chakula hugawiwa sawa kwa sawa, isipokuwa ukoko. Huo, kwa desturi, ni wa kipenzi cha mpishi.

“Mwalimu wa dini anawaambia Mungu anawajua kwa majina. Ni kweli,” anasema. “Lakini mwenye njaa mpe na cha kutafuna, ndipo asadiki.”

Kifuniko kinamponyoka. “Swaumu akishapanda gari la mjomba, basi tena.”

Mara Swaumu anachomoza nyuma ya jiko. Gauni amelipindua, maandishi yasionekane.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mama. Karibu.”

“Mjomba yuko barabarani. Ulisema ukoko ni wangu, kwa kuwa unanipenda kuliko wote. Kama kweli, siondoki.”

Kwenye mkeka wa watoto wanaosubiri chakula, mmoja wao, Mwanahalima, anainuka. “Wako? Si aliniambia mimi! Tena nisimwambie mtu!”

“Na mimi!” “Hata mimi!” Mkeka mzima umesimama.

Adventina anaificha sufuria kwa kanga, kana kwamba haijaonekana.

“Bibi, uliwaambia wote?” anauliza Swaumu.

“Niliwaambia. Ila wewe ndiye wa kweli.”

“Hata mimi aliniambia mimi ndiye wa kweli!” anadakia Mwanahalima.

Kisha Swaumu anaangua kicheko, anaketi katikati yao. Anaubandua ukoko, anammegea Mwanahalima. Kutoka barabarani mjomba anaita. Swaumu anatafuna tu.

Adventina anajifuta jasho. Mpango wake, anasema, ni kumwomba padri sufuria pana zaidi.

“Watoto wameongezeka,” anaeleza.

“Lini, bibi?” anauliza Swaumu, mdomo umejaa ukoko.