Majike Kumi na Tisa wa Wankuru

Zablon Magige alimwibia Wankuru samaki wake. Hakuazima, hakununua wala hakupewa, ingawa mpaka leo husema alipewa. Aliingia nyumbani kwa mwanamke yule huko Sori siku ambayo mwenyewe alikuwa amekwenda kwao Kegonga kuzika, akachota samaki ishirini na sita kutoka kwenye kabati la kioo na mabeseni, akawatia katika ndoo mbili zenye vifuniko, akaondoka nao hadi Homa Bay. Kumi na tisa kati yao walikuwa majike, na majike wanane walikuwa na watoto mdomoni. Huo ndio wizi wenyewe. Ulifanyika mwezi wa Agosti mwaka 1996, saa nne asubuhi, watu wakitazama.

Asiyejua atauliza, samaki ishirini na sita ni kitu gani huko Sori, mahali ambapo samaki hupimwa kwa karai? Hata Elkana, mume wa Wankuru, aliuliza hivyo hivyo. Basi ielezwe.

Wankuru alizaliwa kwenye mahindi na ng'ombe. Mlango wa shule hakuuona, kwa sababu baba yake alikuwa na ng'ombe wengi kuliko watoto wa kuwachunga. Elkana alipomuoa na kumleta ziwani, Dholuo, lugha ya Waluo wa pale, hakuijua hata neno. Kiswahili cha sokoni ndicho kilichomwokoa. Wanawake wa ufukweni walimwita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, wengine kwa upendo. Benta, wifi yake, alimwita hivyo kwa dharau.

Mwaka wa tatu wa ndoa aliletewa beseni la fulu, wale samaki wadogo wa mawe ambao watu huwaanika juani na kuwasahau. Mmoja alikuwa bado hai, mashavu yamemjaa kama mtu aliyebugia ugali. Wankuru alipomtazama, samaki yule alifungua mdomo, na vifaranga wadogo kama punje za wimbi wakatoka wakaogelea mbele yake. Wankuru akasogeza mkono. Wote wakarudi mbio ndani ya mdomo wa mama yao, mdomo ukafungwa.

Alikaa pale mpaka mboga ikaungua.

"Nyar Kuria," Benta alimwita kutoka mlangoni, "unapika samaki au unawachunga?"

"Nawachunga."

"Basi wafunge kengele shingoni wasipotee!"

Ufukwe mzima ulicheka wiki nzima. Yeye aliendelea kuchunga. Alinunua kabati la kioo la mandazi lililopasuka upande mmoja, akaliziba kwa lami ya mafundi wa mashua. Samaki wa kwanza wakafa wote kwa sababu ya lami ile. Akaibandua, akaenda Migori kutafuta gundi ya vioo, akaanza upya. Umeme hakuwa nao, basi kila asubuhi na kila jioni alichota maji ya kabati kwa kata na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, mara mia moja. Aliwalisha viluwiluwi vya mbu na omena, yaani dagaa wa ziwani, waliosagwa.

Wenzake walidhani ni mchezo. Yeye alifuga samaki jinsi baba yake alivyofuga ng'ombe. Dume lililozaa hakuliacha lipande binti zake. Alijua nani ni mtoto wa nani mpaka kizazi cha sita, bila kuandika popote, kwa madoa na mikato ya mapezi. Jike aliyebeba mayai alimhamishia beseni lake, akaweka punje moja ya mahindi kikombeni kila siku. Jike huyo hali chochote muda wote huo. Ukimshtua, humeza watoto. Punje zikifika kumi na tisa, huwaachia mwenyewe.

Waliozidi aliwauza jozi jozi, ndani ya chupa za mdomo mpana. Nyumba moja ya wageni ya Homa Bay ilinunua, zahanati moja ya Migori ikanunua ili wagonjwa wapate cha kutazama. Pesa ile hakuitia sukari wala kitambaa. Ilirudi kwenye vioo, gundi na mabeseni. Samaki walijijengea nyumba wenyewe, na Elkana hakuombwa hata senti moja.

Kati ya fulu wake wote kulikuwa na aina moja ya manjano, yenye mstari mweusi uliokata jicho kama mwanamke aliyejipaka wanja. Zamani hao walikuwa wengi kwenye mawe ya Sori. Kisha mbuta, yule sangara mkubwa wa kuletwa, akala ziwa. Tangu mwaka 1992 hakuna mvuvi aliyeleta hata mmoja, na Wankuru aliwauliza wote, kila msimu. Waliobaki aliowajua duniani walikuwa thelathini na mmoja, ndani ya kabati la mandazi na mabeseni yake.

Zablon Magige alifika mwezi wa Julai. Alikuwa karani katika ofisi moja ya Homa Bay, amevaa viatu vya ngozi, na alipoinama kuingia mlangoni alimsalimu Wankuru kwa Kikuria.

Hapo ndipo kosa la Wankuru lilipo, na mpaka leo hajajisamehe. Miaka kumi na minane hakuna mtu aliyemsalimu kwa lugha yake chini ya paa lile. Alimpikia kuku. Alimwonyesha kila kitu, dume kwa jike.

"Dada," Zablon alisema, "kutakuwa na maonyesho mjini mwezi ujao. Niazime hawa wa manjano kwa wiki moja tu. Watu waone Wakuria nasi tunajua maji."

"Chukua madume manne."

"Na hawa wenye mashavu makubwa? Hawa ndio wanapendeza."

"Hao hawaguswi. Wana watoto. Wakitikiswa njiani, watoto wanakwisha. Ngoja mpaka Oktoba, nitakupa jozi mbili zako mwenyewe, bure."

"Sawa, dada yangu. Wewe ndiye mwenye mali."

Akala kuku, akaondoka. Wiki tatu baadaye shangazi yake Wankuru akafa, naye akaenda Kegonga kwa siku nne. Zablon akaja siku ya pili. Alimkuta Benta, akampa kilo mbili za sukari, akamwambia yeye na Wankuru wamekwisha kukubaliana. Benta akamfungulia mlango na kumshikia ndoo.

Wankuru aliporudi alikuta madume matano tu ya manjano yanafukuzana ndani ya kabati lao. Mabeseni ya majike yalikuwa yameinamishwa ukutani, safi, yamekaushwa.

"Benta, samaki wangu wako wapi?"

"Si ndugu yako amekuja kuwachukua? Mmeongea Kikuria chenu, mimi nitajuaje mlichokubaliana?"

"Ulimwona akichukua majike?"

"Nyar Kuria, mimi naona samaki. Jike, dume, hayo ni mambo yako ya ng'ombe."

Elkana alikuwa akishona wavu. Hakuinua macho. "Ni fulu tu, mama watoto," alisema. "Watu wanaibiwa mashua."

Wankuru alichukua ndoo, akaijaza maji nusu, akapanda gari la asubuhi kwenda Homa Bay.

Maonyesho yalikuwa kwenye uwanja, mabati na maturubai kila upande. Aliwaona samaki wake kabla hajamwona mwizi wao. Walikuwa ndani ya tangi refu la kioo lenye mashine ya umeme ya kupulizia hewa, na juu yake kadi nyeupe yenye maandishi. Kando kulikuwa na mwanamke anayeuza soda, jina lake Irine, na mbele yake beseni la maji ya kusuuzia gilasi.

"Dada, kadi ile inasema nini?" Wankuru alimuuliza. "Macho yangu hayajui kusoma."

Irine akasoma polepole. "Fulu wa manjano wa ziwa letu. Mfugaji, Z. Magige."

Zablon alikuwa ameshika kijiti, akionyesha watu. "Hawa wenye mataya yaliyovimba," alisema kwa sauti ya kimwalimu, "wameshikwa na ugonjwa. Ndiyo maana hawali. Nimewatilia dawa, mnaona maji yalivyo ya buluu. Baada ya siku mbili watapona."

"Hawaumwi!" Wankuru alijipenyeza mpaka mbele. "Zablon, hao hawaumwi! Wana watoto mdomoni. Watoe kwenye dawa hiyo."

Zablon alimtambua. Hakushtuka. "Mama, pole pole. Maswali ni mwisho."

"Sina swali. Samaki ni wangu."

"Jamani, samaki wa ziwa ni wa mama huyu! Mwulizeni kama na viboko ni wake."

Watu wakacheka. Zablon akangoja kicheko kiishe. "Mama, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"Sikusoma."

"Basi waachie waliosoma wafundishe."

Wankuru alitumbukiza mkono ndani ya tangi mpaka kwenye kiwiko. Samaki wale walikuwa wakimjua, hawakukimbia. Alimtoa jike mmoja, akamtia katika beseni la Irine, akamshika kwa vidole viwili na kumwinamisha kichwa chini majini, akangoja. Jike akafungua mdomo. Walitoka kwanza waliokufa, wameloa buluu. Kisha wakatoka walio hai, kumi na mmoja, wakasimama mbele ya uso wa mama yao.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mvuvi alisema, "Yawa! Nimekula hawa maisha yangu yote, sikujua hilo." Wankuru aliamini kwamba sasa kila mtu ameona, na kwamba imekwisha.

Zablon akaanza kupiga makofi.

"Mabibi na mabwana," alisema, "ndivyo fulu anavyolea! Huyu ni mama anayenisaidia kuwalisha kule nyumbani. Nilimwomba aje awaonyeshe kwa mkono wake. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Waamuzi wenye kalamu nao wakapiga. Kwa hasira Kiswahili chote kikamtoka Wankuru kichwani, akabaki na Kikuria peke yake. Akakitumia. Alimwambia Zablon mbele ya watu wote: "Wewe ni mwizi uliyekula kuku wangu. Hawa nimewalea mimi, na mama zao, na bibi zao. Ziwani hawamo tena. Nirudishie majike yangu leo, kabla dawa yako haijawaua."

Katika umati ule ni mtu mmoja tu aliyeielewa lugha ile.

"Anasema nini?" mwamuzi aliuliza.

"Anawashukuru," Zablon alijibu. "Anasema amefurahi sana kuwaona."

Askari wa uwanja akamshika Wankuru mkono, bila ukali, kama anayemsaidia mgonjwa, na kumnyang'anya beseni. Jike na vifaranga kumi na mmoja wakamwagwa tena kwenye maji ya buluu. Jioni ile Zablon Magige alipewa cheti na redio. Wankuru alirudi Sori na ndoo ya maji.

Alirudi Homa Bay mara tatu. Mara ya kwanza Zablon alimwambia samaki bado wanatibiwa. Mara ya pili mke wake alisema bwana amekwenda semina, ameitwa kufundisha habari za samaki wa ziwa. Mara ya tatu alimkuta sebuleni. Tangi lilikuwa pale, na ndani yake samaki wekundu wa kununuliwa dukani.

"Wako wapi?"

"Walikufa, mama. Zamani." Siku hiyo hakumwita dada. "Mbona unasumbuka? Fulu ni fulu. Nenda ziwani uchote wengine."

Wankuru alimtazama usoni. Alitaka kujua kama mtu huyo anamdhihaki au hajui. Aliona kwamba hajui. Alikuwa amefundisha semina nzima kuhusu samaki wale, na hajui kwamba wamekwisha. Hilo lilimchoma kuliko wizi.

Madume matano yalikufa moja baada ya jingine, la mwisho mwaka 1998. Magugu ya maji yalikuwa yamefunika ghuba, na wavuvi hata mawe hawakuyafikia. Wankuru bado anafuga fulu wa aina nyingine, na bado anauza jozi jozi kununua vioo. Nyumbani hajanyamaza. Benta amekwisha kuambiwa anachodaiwa: kilo mbili za sukari hawezi kuzitapika, lakini anadaiwa kukiri kwamba hakuna aliyemwambia wamekubaliana ila mwizi mwenyewe. Elkana anadaiwa lile neno "tu". Siku atakayosema fulu bila kuliongeza, deni lake limekwisha.

Zablon Magige bado yuko Homa Bay, mzima, na cheti kimetundikwa ukutani. Majike kumi na tisa hawezi kuyarudisha, wala hakuna mtu mwingine awezaye. Anadaiwa kingine ambacho anacho. Anadaiwa kusimama kwenye uwanja ule ule, mbele ya watu wengi kama wale, na kutafsiri sawasawa, kwa Kiswahili kinachosikika mpaka nyuma, maneno aliyoambiwa siku ile kwa Kikuria. Yote, kuanzia neno mwizi. Anayakumbuka. Miaka mitatu sasa, hajalipa hata neno moja.