Faili Nililolikalia

Mimi ni mtu wa Nyaishozi na nesi wa miaka mingi, kwa hiyo mnivumilie nikisema: daktari anapopita raundi hospitalini kwetu, tunamwandalia kama mkwe aliyekuja kutembea. Ikifika saa mbili asubuhi madirisha yako wazi, mashuka yamenyooshwa, mabeseni yamefichwa, na vyakula vilivyoletwa na ndugu vimesukumwa uvunguni. Hata vidonda tunavivisha plasta mpya. Daktari anaingia, wodi inanukia sabuni, anafurahi, anaandika. Mimi namfuata hatua mbili nyuma, nimekumbatia mafaili, nasubiri kuulizwa. Siulizwi. Ninachokijua nakiandika kwenye kitabu cha ripoti, na kitabu hicho anakisoma nesi wa zamu inayofuata, ambaye naye anaandika.

Mwaka juzi tulimlaza mama mmoja mkulima kutoka Kamuli, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyepasuliwa kwa sababu ya utumbo uliojisokota. Siku ya tano asubuhi nilifungua kidonda chake nikisafishe, harufu ikanipiga puani. Usaha. Pembeni pamevimba, ukigusa panachoma. Kila siku tunawahubiria wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa mimi mhubiri nikafanya nini? Nikasafisha, nikabandika plasta nyeupe pee, nikafungua dirisha harufu itoke, kwa sababu daktari anakuja! Halafu nikaandika kitabuni: kidonda kinatoa usaha, daktari aarifiwe. Aarifiwe na nani, sikuandika.

Daktari wetu alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mwenye adabu zake, na adabu ndiyo iliyotuponza. Alimwamkia mama shikamoo. Mama akaitika, akajikaza, akakaa vizuri kwa kujiegemeza mikono. Akaulizwa anaendeleaje. Sasa huku kwetu mgeni akikujulia hali, humwagii machungu papo hapo. Unajibu salama kwanza. Mengine yanafuata mkishatulia. Mama akasema anaendelea vizuri, waitu, neno letu la heshima, hana shida. Daktari hakungoja hayo mengine. Akaandika: aruhusiwe.

Nikakohoa. Nikasema, "Daktari, kile kidonda..."

"Sista, mwenyewe kasema yuko vizuri. Kwani wewe ndiye uliyepasuliwa?"

Wodi nzima ikacheka. Mgonjwa naye akacheka, kashika tumbo. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawaka moto, lakini nikanyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Mtoto wa kiume wa yule mama alikuwa keshafika getini na pikipiki. Kutoka hapo hadi Kamuli kwa barabara ile ya mashimo, na tumbo lile, nilijua huyu mama tunamtuma akafie nyumbani.

Basi nikatumia lugha ambayo hospitali yetu inaielewa. Faili likapotea. Nililiweka kwenye kiti cha ofisi ya manesi, nikalikalia. Bila faili mgonjwa hatoki, hata awe mzima wa kucheza ngoma. Mwanawe akazungushwa dirisha hadi dirisha, mtu wa masijala akaapa kwa mama yake mzazi, matroni akatugombeza wote, na mimi nimetulia pale pale, najaza chati. Saa nane mchana daktari akaja mwenyewe wodini kulitafuta, akamkuta mama anatetemeka kwa homa, meno yanagongana. Akaibandua ile plasta yangu nzuri. Akarudi nyuma hatua moja.

Haki yake nimpe: mkono wa upasuaji anao. Mama alirudishwa mezani mchana uleule, akafunguliwa, akasafishwa, akapona. Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi daktari akasema tumshukuru Mungu faili lilipotea. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa kulipoteza, nikatia saini.

Wiki hiyohiyo ikaletwa semina ya mawasiliano kati ya manesi na madaktari. Siku mbili, soda na sambusa, madaktari viti vya mbele, sisi nyuma karibu na mlango. Mada ya kumsikiliza nesi aliitoa daktari. Mwezeshaji akaomba manesi tuseme kwa uhuru kabisa, tusiogope. Tukampigia makofi.

Mama aliporuhusiwa, safari hii kweli, nilimsaidia kufunga mzigo. Moyoni nilikuwa bado nina kinyongo naye, kwamba barua ya onyo ameniletea yeye. Nikamuuliza kwa Kinyambo, lugha yetu sote, kwa nini siku ile alimwambia daktari yuko vizuri wakati anaoza.

Hakukasirika. Alifunga kitenge chake taratibu, akanitazama.

"Mwanangu, mimi sikujua nina nini. Wewe ulijua."

Nilimbebea begi mpaka getini.