Filamu ya mdogo wangu Mshamu, aliyeshindwa kesi kwa ajili ya hadithi

Wakuu, habari za kwenu. Mlio wadogo kwangu, na najua ndio mmejaa humu, marahaba. Shikamoo zenu nimeshazipokea.

Mie ni bibi wa Temeke, shule niliishia darasa la nne. Mwandiko wangu msiuchambue, chambueni kisa. Ni cha kweli, asiyeamini aje nimpeleke kwa mhusika akamuulize.

Nina mdogo wangu wa kiume, Mshamu. Zamani alikuwaga anaandika hadithi gazetini, zile za kila wiki. Gazeti moja linazunguka mtaa mzima mpaka linachanika.

Akaandika hadithi ya tajiri wa mbao anayemnyanyasa mkewe, Bi Tunu.

Sasa tajiri mmoja wa kweli, wa mbao vilevile, akaja juu. "Huyo kaniandika mimi! Na mambo ya ndani kwangu kayajuaje, kama hatembei na mke wangu?"

Ikawa kashfa, ikawa kesi. Mshamu akashindwa. Gazeti likamfukuza, hadithi ikakatwa katikati, na kwao mchumba wake wakarudisha posa.

Msiniulize kama alikuwa na yule mke. Hakuwa naye. Mambo ya ndani ya yule tajiri yalikuwa yanasikika mpaka barabarani.

Mshamu akahamia Kigamboni kufuga kuku, Temeke hakukanyaga tena. Tukiwa na harusi anatuma kuku, yeye haji.

Basi mjukuu wangu Salma, anasomea mambo ya video, katengeneza filamu ya maisha ya huyo babu yake. Mshamu alimsimulia kila kitu. Lakini kusikia itaoneshwa hapa hapa Temeke, ukumbi wa harusi, akagoma.

Nikapanda pantoni nikamfuata. Nikamkuta bandani anamwaga pumba.

"Mshamu, vaa kanzu."

"Dada, wale watu walinicheka sana..."

"Sijakuuliza habari za watu. Vaa kanzu."

Akavaa.

Ukumbini nikamkalisha nyuma kabisa, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Picha ikaanza.

Kitu kimoja kiliniudhi. Aliyeigiza mie ni kabinti kembamba kama ufagio. Mie sijawahi kuwa mwembamba hata siku moja. Salma nimeshamwambia.

Ilipofika kesi, watu wakasahau kama ni picha. Tajiri anatoa ushahidi, kina mama wanampigia kelele: "Toka hapo, muongo! Tulikuwa tunakusikia!" Hakimu aliposoma hukumu, ukumbi mzima ukazomea.

Nikamtazama Mshamu, kofia sasa kaishusha mpaka puani. Nikawaza, jamani, nimemleta aaibike mara ya pili?

Taa zikawashwa, naye huyoo anaelekea mlangoni. Mama Chausiku, muuza maandazi, akamshika kanzu.

"Jamani, si Mshamu huyu!"

Watu wote wakageuka. Mama Chausiku kanzu hajaiachia.

"Wewe baba, Bi Tunu alifungua ule mlango au hakufungua?"

Ndipo gazeti lilipoishia enzi hizo. Bi Tunu kafunga kanga zake kwenye furushi anataka kukimbia, mara mume huyo kalewa, anagonga. Baada ya hapo, kesi.

"Alifungua!" akadakia mzee mmoja.

"Alifungua wapi! Marehemu mama aliapa hakufungua!"

Mshamu kaduwaa. "Kumbe bado mnakumbuka?"

"Tumekungoja mpaka meno yametutoka, unatuuliza tunakumbuka?"

Wakuu, mdogo wangu akavua kofia. Salma akampa maiki ya MC wa harusi.

"Hakufungua," akasema. "Alitokea dirishani."

Vigelegele hivyo! Mama Chausiku anarukaruka utadhani Bi Tunu ni mwanawe. Mshamu akasimulia mpaka mwisho, sauti inazidi kupanda, mpaka akawa anaigiza na ulevi wa mume, watu hoi kwa kucheka. Na mie nilicheka. Huwa sicheki ovyo.

Nilichojifunza ni hiki: mtu anaweza kukimbia mtaa miaka yote akidhani wanamcheka, kumbe wenyewe wanamngoja amalizie hadithi.

Sasa hivi kila Ijumaa yupo hapa kwangu, vijana wamejaa barazani wanataka nyingine, maji yangu ya mtungi yanaisha.

Haya, mwenye mzee wake kajificha mahali kwa aibu ya zamani, aseme humu tumshauri jinsi ya kumtoa. Na mwenye kuleta matusi ajue nasoma kila komenti, polepole, lakini nasoma.