Herufi Moja Kati ya Thika na Ruiru

Mwanzoni tulicheka. Mimi wa Thika, mchumba wangu wa Ruiru, na jina letu la mwisho ni lile lile, herufi kwa herufi. Nilimwambia tukioana hata hatasumbuka kubadilisha kitambulisho. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Limenitoa jasho vya kutosha.

Kicheko kiliishia sebuleni kwa mama yake. Ni mjane, anafuga kuku wa mayai, na hana mchezo. Nilipojitambulisha kwa jina kamili aliweka kikombe chini, akaniuliza sisi ni wa ukoo gani, maana kila Mkikuyu anao wake na hutajwa kabla ya posa. Nikasema sijui. Baba hakuwahi kuutaja ukoo wetu, nami nilidhani hayo ni mambo ya watu wa mashambani. Mama yake akanieleza kwamba wao wametoka Murang'a, jina hilo ni la babu wa marehemu mumewe, na kwao watu wa damu moja hawaoani. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Wazee wangu wasikanyage kwake mpaka nijue jina langu lilitoka wapi.

Kuanzia siku hiyo sikuwa mtu. Ninafanya kazi katika kiwanda cha juisi, Eneo la Viwanda, kukagua vifuniko vya chupa. Vibovu vilinipita mbele ya macho nikiviangalia tu, kichwani nikipanga vizazi: kama baba wa babu yangu na wa kwao walikuwa ndugu, basi nimekuwa nikimbusu dada yangu. Nilipokutana na mchumba wangu nilimkagua pua. Leo naiona ni pua yangu kabisa, kesho nikiitafuta siioni. Aliniuliza nina nini, nikasema ni uchovu. Niliogopa hata kumshika mkono.

Baba, ambaye ana duka dogo mtaa wa Landless hapa Thika, nilimuuliza akipanga mikate. Alisema jina ni jina, akaendelea na mikate yake. Nilimkasirikia sana. Mtu anakupa jina, halafu hataki kukwambia amelitoa wapi.

Aliyebaki ni Shosho, yaani bibi, dada mdogo wa babu, mtoto wa mwisho wa yule aliyetuachia jina. Amepanga chumba katika mtaa wa mabanda wa Kiandutu na hapendi kuulizwa maswali. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, tukazungumza kuhusu goti lake, mvua, na jirani anayemwaga maji machafu mlangoni pake. Kila nilipogusa jina alirudi kwenye goti. Mwishowe nikamwambia ukweli: kuna msichana, na tukiwa ndugu nitamkosa.

Aliisukuma sukari pembeni. Kisha akasema baba yake hakuwa Mkikuyu. Alikuwa Mluhya, alitoka Kakamega akiwa kijana, akaja kukata mkonge kwenye mashamba ya huku, akaoa hapa na hakurudi tena. Jina lake halikuwa na r pale katikati. Lilikuwa na l. Wakwe zake, kama Wakikuyu wengi, hawakuiweza hiyo l, karani wa shamba hakuiweza, wanawe wote hawakuiweza, na hivyo r ikakaa.

"Turikuwa tunamcheka vile anaitamka," alisema. "Mimi siwezi kuisema. Urimi wangu haipiti hapo."

Nilijaribu kulitamka mimi, kwa l. Nilikulia mjini na watu wa kila kabila, kwa hiyo ulimi wangu hauna shida hiyo. Shosho alifumba macho, akaniomba nirudie. Nilirudia. Akajifuta uso kwa kanga.

Nikamuuliza kwa nini walituficha. Alinikumbusha mwaka wa fujo za uchaguzi, vijana walipopita mlango kwa mlango wakiuliza watu majina na kusikiliza wanavyoyatamka. Jirani yake, mama wa Kiluhya aliyekuwa akimpikia uji, aliondoka na nguo alizovaa tu. Wao waliachwa kwa sababu ya ile r. Alisema tangu siku hiyo aliapa hataifungua hiyo habari, na kwamba ameifungua kwa ajili ya msichana tu, si kwa sababu ya sukari yangu.

Nilitoka Kiandutu nikiwa na furaha ya mwendawazimu. Sisi si ndugu! Lakini sikufika mbali, hofu ikanirudia. Mama wa Ruiru alikuwa ameniambia mara mbili jinsi anavyoshukuru kwamba binti yake hakumpata mtu wa mbali, wa kabila jingine. Undugu ungenizuia kumwoa binti. Sasa nilikuwa na dawa ya hilo, na dawa yenyewe ingeweza kunifukuzisha.

Nilikwenda Jumapili baada ya kanisa. Nililitamka jina langu kwa l, polepole, nikaeleza habari ya Kakamega na mkonge. Mchumba wangu alikuwa amekaa karibu na mama yake, ameshikilia sinia hata asijue pa kuliweka. Mama alinitazama kama mtu niliyeingia bila kubisha.

"Niliomba Mungu msiwe ndugu," alisema. "Sikuomba hivi."

Hapo nilipandwa na hasira, nikasahau adabu zote nilizofundishwa.

"Mama, nilipokuwa wa kwenu ulinikataa kwa hilo. Leo si wa kwenu, utanikataa kwa hilo pia?"

Nilijua nimeharibu. Mchumba wangu aliweka sinia sakafuni, akaja kukaa upande wangu wa kochi. Mama alimtazama, akanitazama, akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu. Kuku walilia nje na hakuna aliyeinuka.

Kisha akasema wazee wangu waje. Lakini wakisimama mbele ya watu wa Murang'a kujitambulisha, walitamke jina jinsi nilivyolitamka mimi, na alitamke baba yangu mwenyewe. Wazee wa kwake wakisikia lile lingine, la r, watatuona ndugu, watainuka waende, na yeye hataweza kuwazuia.

Niliitikia, nikamshukuru. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba baba yangu, tangu azaliwe, l hajaiweza.