Nyatichi na Kiti cha Onchiri

Nyatichi wa Rangwe aliwahi kujitwika mkungu wa ndizi ambao kivuli chake kilifunika soko zima, kuku wakaenda kulala saa sita mchana. Asiyeamini akawaulize hao kuku. Lakini mwaka huu aliteleza karibu na mashine ya kusaga mahindi, na magoti yakagoma.

Ndizi aliendelea kuuza, ameketi. Kilichomuuma kilikuwa kanisani. Wasabato, kabla ya Meza ya Bwana, huoshana miguu: mmoja anapiga magoti na kumwosha mwenzake, kisha wanabadilishana. Nyatichi na Bathsheba, muuza dagaa wa omena, walioshana tangu wakiwa maharusi. Safari hii Nyatichi alioshwa tu.

"Pumzika, mama," Bathsheba akasema, sauti ikafika mpaka chumba cha wanaume. "Wengine tutapiga magoti kwa niaba yako."

Maneno hayo yalimkwama kama mwiba wa samaki. Akaapa: Meza ijayo atapiga magoti, na atainuka bila mkono wa mtu.

Akamwita nyumbani Millicent, mhudumu wa afya wa kijiji, amfundishe mazoezi.

"Dani," Millicent akasema, maana Waluo humwita bibi hivyo, "tafuta kiti kigumu, ukiegemeze ukutani. Keti, kunja mikono kifuani, simama. Polepole. Ukizoea tutashuka hadi magoti."

Kiti kigumu kilikuwa kimoja, cha marehemu mumewe, Onchiri. Katika boma lile hakuna aliyewahi kukikalia ila mwenyewe; Nyatichi alikigusa kwa kitambaa cha vumbi tu. Basi akafanyia mazoezi kwenye kochi. Kochi lenyewe lilikuwa na tumbo la kiboko, likammeza. Millicent aliporudi alikuta miguu miwili na kilemba.

"Dani, si nilisema kiti!"

"Na hiki ni nini?"

"Hili ni shimo la machimbo ya Osiri. Unatafuta dhahabu?"

Alipovutwa nje, alienda mbele ya kiti cha mumewe, akakohoa. "Baba Edinah, umekikalia vya kutosha. Sogea." Akaketi. Paa halikuanguka.

Tangu hapo kila asubuhi akawa anaketi na kusimama, kisha anashika dirisha na kuinukia vidole, kisha magoti mkekani, mkono ukiwa kitini. Jumamosi alipumzika, kwani hata magoti yana Sabato yao. Kila alipoketi, ziwa lilimwagika kidogo kule Sindo; wavuvi wanajua.

Meza ikafika. Bathsheba alipoinua beseni, Nyatichi akamzuia. "Keti wewe."

Akashuka goti moja, la pili. Akaosha, akapangusa katikati ya vidole, hana haraka. Akatanguliza mguu mmoja, akakaza kiganja juu ya paja lake mwenyewe, akapanda, akapanda, mpaka Bathsheba akalazimika kuinua kidevu kumtazama.

Ikaja zamu ya Bathsheba. Kuosha aliosha vizuri. Kuinuka ndiko kulikokuwa na kesi: magoti yalilia kama kuni mbichi, mwenyewe akabaki pale amefumba macho.

"Sala ndefu hiyo, mama," Nyatichi akamnong'oneza.

"Acha maneno, nipe mkono."

Akampa. "Kesho asubuhi njoo kwangu. Kiti kipo."

"Si kile cha Onchiri? Nani ataniruhusu kukikalia?"

Nyatichi alinyoosha mgongo, beseni mkononi. "Mimi. Sasa ni changu."