Nilitoa Rota Kwenye Injini ya Baba, Mama Akaumia

Admin, jina langu lifiche kabisa, kwa sababu nyumbani kwetu karibu kila mtu anafuata hii page. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, naishi mtaa wa Dallas hapa Embu na mtoto wangu mmoja, na kazi yangu ni kuuza spea za magari. Kwetu ni upande wa Kiritiri. Nina jambo limenikaba wiki mbili sasa.

Baba alituachia pickup ya zamani, ile ya injini ya petroli yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja. Alibeba pamba nayo mpaka ikachoka, na alipofariki ikabaki kwa boma, kuku wanatagia ndani. Tuko wawili tu, mimi na kaka yangu mdogo, nimwite Njeru. Mimi ndiye nilikuwa namshikia Baba spana. Njeru hakutaka hata kuguswa na grisi.

Nikaamua kuifufua. Injini niliipeleka kwa fundi mmoja mzee hapa Embu, na kila Jumamosi kwa miaka miwili nilikuwa kwake nimevaa ovaroli. Silinda zikachongwa, krenki ikasagwa. Tukadhani tumemaliza, kichwa cha injini kikapatikana na ufa. Nilitafuta kingine miezi saba, nikapata kilichopinda, kikaenda kusawazishwa. Kufunga mara ya kwanza, gasket ikavuja maji, tukafungua yote upya. Mara ya pili ikawaka ikitetemeka kama mtu wa malaria, kumbe nilikuwa nimechanganya waya mbili za plagi. Siku hiyo nililia nikiwa nimeketi juu ya tairi. Fundi akaniambia, "Dada, hii haitaki nguvu. Panga waya zako tena, pole pole."

Ilipokubali, ilinguruma laini mpaka ungeweza kusimamisha kikombe cha chai juu yake. Niliiendesha mwenyewe hadi nyumbani. Mama akatoka, akaishika boneti, akalia. Kisha akachukua ufunguo mkononi mwangu akampa Njeru.

"Gari ni ya boma, na boma ni ya Njeru," akasema. "Wewe ukiolewa utaenda nayo wapi?"

Majirani walimpongeza Njeru. Mimi nilipewa chakula nikarudi Embu.

Njeru akaanza kubeba mchanga, anajaza mpaka springi zinalala. Wikendi moja nilimkuta radieta inachemka na yeye anaimwagia maji baridi. Nikamwambia, "Njeru, hivyo utapasua kichwa cha injini. Zima kwanza, ipoe."

Akanijibu, "Dada, wewe uza spea. Dereva ni mimi."

Mama akasema nimwache kaka yangu atafute riziki.

Kesho yake wakiwa kanisani, nilifungua distributor nikatoa rota, kile kidude kidogo kinachogawa moto kwa plagi. Nikakitia kwa mkoba. Njeru alijaribu kuwasha mpaka betri ikaisha. Aliponipigia nikamwambia, "Umeua injini. Mtu yeyote asiiguse, nitakuja na fundi wangu mwisho wa mwezi." Nilitaka aone uchungu kidogo tu, na ile injini ipumzike.

Siku nne baadaye, mchana, niko dukani nahudumia mteja, Njeru akapiga simu anahema. "Mama ameteleza kwa tangi ya maji, hawezi kusimama. Dada, hakuna njia yoyote naweza kuwasha hii gari?"

Hapo ningeweza kumwambia ukweli. Fundi yeyote wa Kiritiri angemtafutia rota. Lakini nilisema, "Tafuta bodaboda."

Walimweka Mama katikati, dereva mbele, Njeru nyuma amemshika, wakampitisha kwa ile barabara ya mashimo. Daktari alimwangalia nyonga akauliza ni nani alimsafirisha hivyo. Alisema mfupa uliokuwa umevunjika umesogea kwa kutikiswa, lazima afanyiwe upasuaji. Ameshafanyiwa, lakini daktari hajui kama Mama atatembea tena bila fimbo.

Sasa familia yote iko juu ya Njeru. Kwamba aliua gari kwa tamaa ya mchanga, na gari ingekuwa nzima Mama hangeumia hivyo. Mjomba ameita mkutano Jumapili hii. Nami bado nina hasira, sitadanganya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia asante.

Lakini juzi Njeru alikuja kwangu. Aliketi, chai hakugusa. Akasema, "Dada, nimeharibu kazi yako na nimemuumiza Mama. Jumapili nitasimama mbele ya watu niseme hivyo. Naomba tu wewe unisamehe kwanza."

Nilimsindikiza mpaka stage nikarudi nikajifungia chooni mtoto asinione.

Nikisema ukweli, Mama atajua ni binti yake alimfanyia hivi, na sijui kama moyo wake utastahimili akiwa bado kitandani. Nikinyamaza, kaka yangu ataomba msamaha kwa kosa langu, na watu watamkumbuka nalo maisha yake yote. Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini pia nielekezeni. Nimwambie Njeru peke yake kabla ya Jumapili, ama nisimame mbele ya wote kabla yeye hajafungua mdomo?